Kuanzia Tani Moja: Mwongozo Kamili wa Kujenga Biashara Inayotatua Tatizo la Mazingira

Anayetaka kuanzisha biashara ya mazingira hukutana kwanza na takwimu zinazotisha. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, na chini ya robo yake ndiyo iliyothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Mwaka huohuo zaidi ya tani bilioni moja za chakula zilitupwa na kaya, maduka na migahawa. Kati ya taka zote za plastiki, takriban asilimia 9 tu ndizo hurejelezwa. Takwimu hizi ni za kweli na zinastahili kutuuma, lakini hazifai kuwa msingi wa mpango wa biashara, kwa kuwa hakuna mteja anayelipa ili dunia ipunguze tani bilioni moja. Mteja hulipia tani iliyo mbele yake: inayooza nyuma ya jengo lake, inayoziba mtaro wake, au anayoihitaji kiwandani kama malighafi.

Kwa hiyo mwongozo huu unashauri jambo moja na kulishikilia hadi mwisho. Chagua kipimo kimoja, kiwe tani ya taka, lita ya maji machafu, kilowati-saa ya umeme au jiko moja, ukifuate tangu kinapotoka hadi kinapoishia, na kila swali la biashara ulijibu kwa kipimo hicho. Biashara ya mazingira iliyo imara ni ile ambayo kila kipimo kinachouzwa huleta fedha na hupunguza madhara kwa wakati uleule. Fedha zikitoka upande mmoja na nafuu ya mazingira ikitoka upande mwingine, siku ya dhiki mwenye biashara atalazimika kuchagua kati ya hivyo viwili, na mara nyingi mazingira ndiyo yatakayoachwa.

Hatua ya kwanza: fuata tatizo kwa miguu kabla ya kuchagua mashine

Wengi huanza na teknolojia. Wameona mashine ya kutengeneza matofali ya plastiki, mtambo wa biogesi au kifaa cha kusafisha maji, wakakipenda, kisha wakaanza kutafuta tatizo la kukifaa. Njia hiyo ni ya kinyume, na hugharimu sana, kwa sababu mashine ikishanunuliwa humlazimisha mwenye nayo kuilisha hata pale ambapo malighafi haipo au haina ubora unaotakiwa.

Anza na tani moja ya kile unachotaka kukiondoa. Tafuta mahali inapozalishwa, omba ruhusa ya kuipima, na upime kwa siku saba mfululizo, kwa kuwa taka za siku ya soko si sawa na za siku ya mapumziko. Kama eneo lina majira ya mvua na ya ukame, rudia zoezi hilo katika kila majira. Mwaga mzigo juu ya turubai, uchanganye, ugawe katika mafungu manne, uchukue fungu moja na kulichambua kwa mkono, aina kwa aina, ukipima kila aina kwenye mizani. Andika pia unyevu na uchafu, kwa sababu mzigo wa karatasi zilizolowa huonekana mzito kwenye mizani na mwepesi kwenye mauzo.

Kwa plastiki kuna jaribio linalohitaji ndoo ya maji tu. Vipande vya polithini na polipropilini, ambavyo ndivyo hutumika kwa mifuko, madumu na vifuniko vingi, huelea. Vipande vya PET, plastiki ya chupa za maji na soda, huzama. Tatizo ni kwamba PVC, plastiki ya mabomba ya maji, nayo huzama, na uzito wake unakaribiana mno na wa PET kiasi kwamba maji hayawezi kuzitenganisha. PVC kidogo ikiingia katika PET inayoyeyushwa hutoa tindikali inayoharibu malighafi na kula chuma cha mashine. Anayelijua hili mapema huweka nguvu katika uchambuzi wa mkono au huchagua chanzo ambacho PVC haifiki. Asiyelijua hujifunza siku mnunuzi anaporudisha shehena nzima.

Unapoifuata tani hiyo, jiulize kila inapopita ni nani anayeishika na nani anayelipwa. Karibu kila mahali utakuta watu waliotangulia: waokotaji wa chupa, wanunuzi wa chuma chakavu, wafugaji wanaochukua mabaki ya jikoni, mafundi wanaofungua vifaa vibovu ili kupata shaba. Hawa wanajua bei, msimu na njia kuliko ripoti yoyote utakayosoma. Nasema hili kwa uzito, kwa kuwa miradi mingi ya mazingira huingia na magari mapya na sare mpya, ikawanyang'anya maskini riziki, kisha ikashangaa kwamba mzigo mzuri umeisha kabla gari halijafika. Kaa nao, wasikilize, na panga tangu mwanzo namna watakavyokuuzia, watakavyoajiriwa au watakavyokuwa washirika kupitia kikundi chao.

Hatua ya pili: jiulize kingetokea nini kama usingekuwepo

Hapa ndipo uaminifu wa mjasiriamali hupimwa, na mimi ningependa hatua hii ipewe siku nyingi kuliko inavyopewa kwa kawaida. Nafuu unayoleta ni tofauti kati ya hali ilivyo pamoja nawe na hali ambayo ingekuwepo bila wewe. Mabaki ya chakula yanapofukiwa jalalani bila hewa huoza na kutoa methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 20 huongeza joto la dunia takriban mara 80 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule. Kuyageuza mabaki hayo kuwa mboji ni nafuu kubwa. Lakini kama mabaki hayo tayari yalikuwa yanalishwa mifugo, mradi wa mboji haujazuia methani yoyote. Umemnyima mfugaji chakula, naye atanunua kingine ambacho kukilima kwake kuna madhara yake.

Angalia pia maisha yote ya bidhaa yako, kuanzia malighafi hadi inapotupwa. Mamlaka ya mazingira ya Denmark ilichapisha mwaka 2018 tathmini ya mifuko ya kubebea bidhaa, ikaonyesha kwamba mfuko wa pamba ya kawaida unapaswa kutumika angalau mara 52 ndipo athari yake kwa tabianchi ilingane na ya mfuko mwepesi wa plastiki, na kwamba vigezo vyote vya mazingira vikihesabiwa, mara hizo hufika maelfu. Matokeo hayo hayaufanyi mfuko wa plastiki kuwa mzuri, kwa kuwa tathmini ya namna hiyo haisemi mengi juu ya mfuko unaoishia baharini. Yanamfundisha muuzaji wa mifuko ya pamba kwamba kazi yake ni kuuza mfuko utakaodumu na kutumika kwa miaka, na kwamba kugawa mifuko ya pamba bure kwenye mikutano kunaweza kuongeza madhara badala ya kuyapunguza.

Kuna jambo la tatu ambalo husahaulika. Mwaka 1865 mchumi Mwingereza William Stanley Jevons alieleza kwamba injini za mvuke zilizotumia makaa kwa uangalifu zaidi ziliongeza matumizi ya makaa nchini, kwa kuwa nguvu ya mvuke ilikuwa rahisi na kila kiwanda kikaitaka. Bidhaa inayopunguza gharama ya umeme, maji au mafuta inaweza kuleta hali hiyohiyo. Unapotabiri nafuu yako, weka kando sehemu itakayorudi kuliwa na ongezeko la matumizi, na baadaye upime kama ulikadiria vyema.

Andika majibu ya hatua hii katika ukurasa mmoja: kipimo changu ni hiki, bila mimi kingefanyiwa hivi, pamoja nami kinafanyiwa hivi, tofauti ni hii. Kama tofauti haionekani katika ukurasa mmoja, badilisha wazo ungali hujatumia fedha za mtu.

Hatua ya tatu: mtafute anayelipa

Shida ya msingi ya biashara hizi inajulikana kwa wachumi tangu zamani: anayechafua halipi gharama ya uchafu, na anayeumia hana wa kumdai. Mto ukichafuliwa, wavuvi wa chini hupoteza samaki, ilhali kiwanda cha juu hakioni hasara yoyote katika vitabu vyake. Mjasiriamali anayeingia katikati lazima ajue ni mkono upi utakaotoa fedha, kwa nini, na kwa muda gani.

Mlipaji wa kwanza ni yule anayeokoa gharama yake mwenyewe. Huyu ndiye bora kuliko wote, maana halazimiki kuyapenda mazingira ili anunue. M-KOPA ilipoanza kuuza mifumo ya sola nchini Kenya mwaka 2012, familia zililinganisha malipo madogo ya kila siku kwa simu na fedha zilizokuwa zikiishia katika mafuta ya taa. Faida kwa mapafu na kwa anga ilikuja ndani ya ununuzi uleule. Too Good To Go, iliyoanzia Denmark mwaka 2015, huwaunganisha wauza chakula na wanunuzi wa kile kinachokaribia kutupwa, na hujipatia sehemu ya kila mauzo. Hapo kila kifurushi kinachouzwa ni chakula kilichookolewa, na mapato ya kampuni hayawezi kukua bila uokoaji huo kukua.

Mlipaji wa pili ni mzalishaji anayewajibishwa na sheria. Wazo la kwamba mtengenezaji abaki na wajibu wa bidhaa hadi baada ya kutumika lilipewa jina rasmi nchini Sweden mwaka 1990 na Thomas Lindhqvist, na mwaka uliofuata Ujerumani ikalitia katika kanuni zake za vifungashio. Leo nchi nyingi zina sheria za namna hiyo, ambapo makampuni huchangia gharama za ukusanyaji na urejelezaji. Soko hili ni kubwa lakini lina bwana wake: sheria ikicheleweshwa au ikilegezwa, mapato hukauka. Soma kanuni yenyewe badala ya habari zake, na uangalie tarehe ya kuanza kutumika, adhabu, na kama kuna chombo kinachokagua kweli.

Mlipaji wa tatu ni mnunuzi wa kile unachokitoa: mboji, vipande vya plastiki vilivyosafishwa, funza wa kulisha kuku na samaki, makaa ya mabaki ya mazao. Yeye hukupima kwa bei na ubora wa bidhaa anayoitumia sasa, wala hatakuhurumia kwa sababu mzigo wako ulitoka jalalani. Bei ya plastiki iliyorejelezwa huvutwa na bei ya plastiki mpya, nayo hufuata bei ya mafuta ghafi. Mafuta yaliposhuka bei kwa kasi kuanzia katikati ya mwaka 2014, warejelezaji wengi walijikuta wakishindana na plastiki mpya iliyokuwa rahisi kuliko yao. Kabla ya kuanza, jaribu hesabu zako kwa bei iliyopungua kwa asilimia 30 na uone kama utamaliza mwaka.

Aliye salama zaidi ni yule anayelipwa katika ncha zote mbili. Sanergy, iliyoanzia Nairobi, ilijenga kazi yake juu ya huduma ya vyoo katika makazi yasiyo na mfereji wa maji taka, kisha ikageuza kinyesi na taka nyingine za kuoza kuwa mbolea na chakula cha mifugo kwa kutumia funza. Tani ileile huleta ada inapopokelewa na huleta mauzo inapotoka. Ukiweza kupanga hivyo, panga, na ada ya kupokea mzigo uidai tangu siku ya kwanza hata ikiwa ndogo, kwa sababu mteja aliyezoea kuchukuliwa taka zake bure huona deni la kulipa kama dhuluma.

Mlipaji wa nne ni serikali au mfadhili, anayenunua manufaa ya umma kama maji safi au msitu uliosimama. Ni mteja halali, ila maamuzi yake huchukua muda mrefu na hubadilika na bajeti. Usimtegemee peke yake.

Kuna na yule anayetajwa mara nyingi, mlaji aliye tayari kuongeza bei kwa ajili ya mazingira. Yupo, lakini ni wachache kuliko wanaosema hivyo katika dodoso. Unapowahoji watu, acha kuuliza kama wangependa bidhaa yako. Uliza mwezi uliopita walimlipa nani kuondoa tatizo hilo, kiasi gani, na kipi kiliwaudhi. Kisha omba malipo ya awali. Mtu akitoa fedha, hata kidogo, amekujibu. Akisifu wazo na kuondoka, hajakujibu bado.

Hatua ya nne: fanya hesabu ya kipimo kimoja hadi mwisho

Waswahili husema mali bila daftari huisha bila habari, na hakuna biashara inayolithibitisha hili kama hii ya vitu vilivyotupwa, ambavyo hubadilika uzito kila vinapoguswa. Tuchukue tani moja ya chupa za PET kama mfano wa kujifunzia. Umenunua kilo 1,000. Toa kilo 120 za maji, mchanga na mabaki ya vinywaji. Toa kilo 80 za vifuniko na lebo, ambazo pengine zitauzwa kando kwa bei yake. Toa kilo 100 za plastiki nyingine na unga unaopotea katika kusaga na kuosha. Umebaki na kilo 700 za kuuza.

Maana yake ni kwamba kila kilo unayouza imebeba gharama ya kilo 1.43 ulizonunua. Aliyepanga bei ya kuuza kwa kufikiri kilo moja ni kilo moja amejidanganya kwa asilimia 43 ya gharama ya malighafi, na kosa hilo peke yake linatosha kufunga kiwanda. Mavuno yakishuka hadi kilo 600, kila kilo inabeba 1.67, yakipanda hadi 750, inabeba 1.33. Kutoka 600 hadi 750 umeokoa moja ya tano ya gharama ya malighafi bila kununua mashine mpya, pengine kwa kumlipa mkusanyaji zaidi kidogo kwa chupa zilizofunguliwa, kumwagwa na kukauka. Ndiyo maana nasisitiza uchambuzi kwenye chanzo: mara nyingi ndiko faida iliko.

Hesabu ya pili ni ya muda ambao mashine inafanya kazi. Muuzaji atakwambia mashine inasaga kilo 500 kwa saa. Hatakwambia umeme hukatika, visu huchakaa, na kuna siku mzigo haufiki. Mashine ikifanya kazi asilimia 40 ya muda uliopangwa, gharama zote za kudumu, yaani kodi, mishahara ya kudumu na marejesho ya mkopo, huwa mara mbili na nusu kwa kila kilo.

Hesabu ya tatu ndiyo inayowaangusha hata wenye faida. Mkusanyaji hulipwa papo hapo, kwa kuwa anahitaji kula jioni. Kiwanda kinachonunua kwako hulipa baada ya siku 60. Mzigo hukaa kwako siku 15 kabla ya kutoka. Ikiwa unanunua tani moja kila siku, fedha za tani 75 zimefungwa nje ya mkono wako wakati wote, na ukifurahi kupata oda mara mbili, unahitaji fedha za tani 150 kabla hujaona malipo ya nyongeza hiyo. Jadili muda wa malipo kwa bidii ileile unayojadili bei, na kama mnunuzi hakubali kuupunguza, weka gharama ya kukopa kwa siku hizo ndani ya bei yako.

Ongeza mstari mmoja ambao vitabu vya kawaida havina: madhara yaliyoepukwa kwa kila kipimo, kama ulivyoyaandika katika hatua ya pili, ukitoa humo mafuta ya magari, umeme na maji uliyotumia. Mstari huu ukae katika ukurasa uleule na faida, ili usiweze kutazama mmoja bila kuona mwingine.

Hatua ya tano: jaribu kwa udogo, lakini kwa mteja wa kweli

Jaribio zuri lina ukubwa unaokuwezesha kukosea bila kufilisika, na lina mteja anayelipa. Kabla ya kununua mashine ya kuosha plastiki, tafuta mwenye mashine umlipe akuoshee shehena chache, kisha mpelekee mnunuzi sampuli na umwombe akupe vigezo vyake vya unyevu, rangi na uchafu kwa maandishi. Vigezo hivyo ndivyo vitakavyokuambia mashine gani inahitajika.

Kwa mboji, jaribio ni rundo. Changanya mabaki mabichi yenye naitrojeni na makavu yenye kaboni hadi kufikia takriban sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa moja ya naitrojeni. Unyevu uwe karibu asilimia 50 hadi 60. Ukilikamua gao moja, yatoke matone machache tu. Ndani ya siku chache joto linapaswa kupanda kupita nyuzi 55 za Selsiasi, kiwango ambacho kikidumu na rundo likageuzwa mara kwa mara huua vijidudu na mbegu nyingi za magugu. Joto lisipopanda, rundo ni dogo, ni kavu au halina naitrojeni ya kutosha. Likinuka amonia, naitrojeni imezidi. Likinuka uvundo, hewa haipiti. Uzito hupungua kwa takriban nusu, na kipande kimoja cha kioo katika gunia humpoteza mteja milele. Kumbuka pia kwamba wakulima hununua kwa msimu ilhali taka huja kila siku, hivyo nafasi ya kuhifadhi ni sehemu ya gharama.

Weka mapema masharti ya kusimama. Andika kwamba mavuno yasipofika kiasi fulani, au wateja wa kulipa wasipofika idadi fulani ndani ya miezi sita, utabadilisha njia. Mtu anayeipenda kazi yake hupata kila sababu ya kuendelea, na maandishi ya siku ya utulivu humsaidia siku ya hisia.

Hatua ya sita: vibali na usalama wa watu

Sajili biashara, ulizia leseni ya kukusanya, kusafirisha au kuchakata taka, na ujue kama kazi yako inahitaji tathmini ya athari kwa mazingira. Taratibu hutofautiana kati ya nchi na nchi, lakini karibu kila mahali kuanza bila kibali hugharimu kuliko kukisubiri. Anayepanga kusafirisha taka nje ya nchi ajue kwamba China ilizuia uingizaji wa aina nyingi za taka kuanzia mwaka 2018, na kwamba tangu Januari 2021 Mkataba wa Basel, makubaliano ya kimataifa kuhusu usafirishaji wa taka hatari, unadai idhini ya nchi inayopokea kwa plastiki zilizochanganyika au chafu.

Kuhusu usalama sina la kupunguza. Zipo kazi zinazoitwa urejelezaji ambazo ni sumu. Kuvunja betri za risasi kwa shoka na kuziyeyusha uani humwaga madini ambayo Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio huumia zaidi akilini. Kuchoma nyaya ili kupata shaba hutoa moshi wenye dioksini, kemikali zenye sumu kali. Kama huna mtambo uliofungwa, vifaa vya kinga na vipimo vya damu kwa wafanyakazi, basi kusanya betri na nyaya hizo na uziuze kwa mwenye uwezo huo, hata kama faida itapungua.

Hatua ya saba: linganisha fedha na hatari

Kila aina ya fedha ina kazi yake. Ruzuku na tuzo zinafaa kwa kujifunza: vipimo, majaribio, utafiti ambao huenda usizae kitu. Mtaji wa hisa unafaa pale ambapo hatari ni kubwa na ukuaji unaweza kuwa mkubwa, ila mwekezaji wa hisa atataka kutoka na faida yake katika miaka kadhaa, na mtambo wa mboji haukui kwa kasi ya programu ya simu. Mkopo unafaa kwa kitu kilichokwisha kuthibitishwa, kama mashine ya pili baada ya ile ya kwanza kujaa kazi. Anayenunua mashine ya majaribio kwa mkopo wa benki huanza kulipa marejesho kabla hajajua kama ana biashara.

Fedha nyingi mapema nazo zina hatari yake. Better Place ilianzishwa mwaka 2007 ili kuwawezesha wenye magari ya umeme kubadilisha betri kwa dakika chache kituoni. Ilikusanya takriban dola milioni 850, ikajenga vituo Israeli na Denmark, na ikafilisika Mei 2013 huku magari yaliyouzwa yakiwa hayajafika hata 2,000. Wazo la kubadilisha betri halikuwa la kipuuzi, na leo linafanya kazi mahali pengi, hasa kwa pikipiki. Kilichokosekana ni wateja wa kutosha kwa kila kituo kabla ya kujenga kituo kinachofuata.

Hatua ya nane: pima, kisha sema kiasi ulichopima

Wateja, wawekezaji na serikali watakuuliza umeokoa nini. Jibu kwa kipimo chako: tani zilizopokelewa, tani zilizotoka, zilizobaki zimekwenda wapi. Hesabu ya mwisho ndiyo inayofichwa mara nyingi, kwa kuwa mrejelezaji anayetangaza tani 100 alizokusanya huku 40 zikirudi jalalani hajasema kweli. Maneno kama rafiki wa mazingira na kijani yaache mpaka uweze kuyaeleza kwa namba. Umoja wa Ulaya umepitisha sheria, itakayotumika kuanzia Septemba 27, 2026, inayozuia madai ya jumla ya namna hiyo yasiyo na uthibitisho.

Biashara ya kaboni inahitaji uangalifu wa pekee. Hati ya kaboni humruhusu mnunuzi kudai kwamba tani moja ya gesijoto haikutolewa kwa sababu ya mradi wako. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la Nature Sustainability ulikadiria kwamba miradi ya majiko banifu iliyochunguzwa ilijiandikia nafuu iliyo takriban mara tisa ya ile halisi. Sababu mojawapo inaeleweka na yeyote aliyewahi kuingia jikoni: jiko jipya likifika, la zamani halitupwi, na yote mawili huendelea kuwaka. Kama unauza majiko, weka vipimo vya matumizi kwenye sampuli ya majiko hayo, rudi baada ya mwaka uhesabu yanayotumika kweli, na uandike unachokikuta. Jenga biashara inayosimama bila hati za kaboni, na zikija, zitumike kushusha bei kwa mteja au kupanua huduma.

Hatua ya tisa: kukua kwa kurudia

Taka ni nzito na bei yake ni ndogo kwa kilo, kwa hiyo usafiri hula faida upesi. Kwa kazi nyingi za aina hii, vituo kadhaa vya wastani karibu na chanzo hushinda kiwanda kimoja kikubwa kilicho mbali. Tafuta umbali ambao tani moja ikiupita haileti faida tena, uchore duara hilo kwenye ramani, na uhesabu kama ndani yake kuna mzigo wa kutosha kuijaza mashine yako.

Kituo cha pili kifunguliwe pale cha kwanza kinapojilipia gharama zake zote kwa miezi 12 mfululizo, pamoja na msimu mbaya, na kinapoendeshwa wiki kadhaa bila mwanzilishi kuwepo. Yule atakayekisimamia afanye kazi katika kituo cha kwanza miezi mitatu, akichambua, akipima na kuwalipa wakusanyaji kwa mkono wake, kisha aondoke na nakala ya daftari lake, zikiwemo kurasa za shehena zilizorudishwa na sababu za kurudishwa kwake.